Hisabati au sayansi ya kompyuta: ujaze ipi kwanza?

Siku nne baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, nilipanda Hiace pale stendi ya Moshi na mpwa wangu. Chenji yangu ilikuwa 600. Konda akafungua kiganja, nikaziona sarafu zake: za 500 mbili tatu, za 200 kibao, mia hata moja hakuna. Akanipa 500, akasema, "Mia yako nakupa mbele, mzee," akarudi mlangoni kuita abiria.

Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, si angekupa mia mbili mara tatu?"

Angenipa. Na mia ile sikuiona mpaka tunashuka. Lakini swali lake lilinifaa, maana asubuhi nzima alikuwa ananiandama na swali jingine. Ana B ya Hisabati, C ya Fizikia na D ya Kemia. Dirisha la udahili linafunguliwa, jina lake JKT halikutoka, kwa hiyo yuko nyumbani na mama yake anamuuliza kila jioni: ajaze hisabati au sayansi ya kompyuta?

Mimi nilisoma hisabati Mlimani, Dar es Salaam. Mdogo wangu anayenifuata alisoma sayansi ya kompyuta Dodoma. Wote wawili tuko Arusha sasa, Jumapili tunakula meza moja, na ubishi huu tumeshaufanya mara nyingi kiasi kwamba mke wangu akisikia neno "algoriti" anaondoa sahani. Haya hapa ni niliyomwambia binti, pamoja na aliyoongeza mdogo wangu kwa kunikatiza.

Chenji ya konda

Tuanze na ile 600, kwa sababu ndani yake shahada zote mbili zimo.

Konda alifanya kitu ambacho wanafunzi wa kompyuta hukiita algoriti ya ulafi (algoriti ni njia ya kutatua jambo hatua kwa hatua): chukua sarafu kubwa kuliko zote inayoingia, kisha kubwa inayofuata, endelea. Sarafu zetu zote zikiwepo, yaani 50, 100, 200 na 500, njia hiyo haina tatizo lolote. Inatoa chenji sahihi, tena kwa sarafu chache kuliko njia nyingine. Tatizo linakuja pale mia na hamsini zinapoisha. Kwa 600 mlafi anachukua 500, anabaki na 100, amekwama. Kwa 800 anachukua 500, kisha 200, anabaki na 100, amekwama tena. Na huku mia mbili nne ziko kiganjani.

Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta akifika hapo anajiuliza: nitaandikaje programu isiyodanganyika hivi? Jibu analofundishwa ni kujenga jedwali kuanzia chini. Kwa kila kiasi, mia, mia mbili, mia tatu, andika idadi ndogo kabisa ya sarafu zinazokitengeneza, ukitumia majibu uliyokwisha yapata kwa viasi vidogo. Halafu yanakuja maswali yake ya kawaida: jedwali hilo litakula kumbukumbu kiasi gani? Wateja milioni moja wakija kwa saa moja, mashine itahimili? Je, kama sarafu za 200 zimebaki tatu tu?

Mwanafunzi wa hisabati anauliza kitu kingine kabisa. Kwa sarafu za 500 na 200 tu, ni viasi gani haviwezekani kamwe? Mia haiwezekani. Mia tatu haiwezekani. Na vingine? Hakuna, na sababu inaenea kwenye mistari miwili: 400 inawezekana kwa mia mbili mbili, 500 inawezekana kwa sarafu moja. Ukiongeza 200 kwenye 400 mara nyingi unavyotaka, na 200 kwenye 500 vivyo hivyo, umepita kwenye kila mia kuanzia 400 hadi mwisho wa dunia. Hakuna haja ya kujaribu viasi elfu moja kwenye mashine. Na hapo bado hajaridhika. Anauliza: je, sarafu zingekuwa za 500 na 700? Je, zozote mbili?

Nilimwachia mpwa wangu hilo la 500 na 700, tukashuka.

Ukilisoma swali la konda na ukajisikia mikono inawasha kutaka kuliandikia kitu kinachofanya kazi, hiyo ni dalili. Ukajisikia hutalala mpaka ujue kwa nini ni mia na mia tatu tu na si zaidi, hiyo nayo ni dalili. Naziamini dalili hizi kuliko orodha za "kozi zenye soko" zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp kila Julai.

Nani anakwambia umekosea

Hapa ndipo naona tofauti kubwa ya maisha ya kila siku chuoni, na sijawahi kuona mtu akiwaeleza watoto kabla hawajajaza fomu.

Kwenye kompyuta, mashine inakwambia. Umesahau nukta mkato kwenye programu ya lugha ya C, kompaila, yaani programu inayotafsiri ulichoandika kwa mashine, inakataa palepale, inakutajia na mstari. Mdogo wangu mwaka wa kwanza alikuwa anakosea mara mia kwa usiku mmoja, na kila kosa anajulishwa ndani ya sekunde. Ukiwa mtu wa kujaribu, kuvunja na kurekebisha, raha ya masomo hayo iko hapo. Hukai muda mrefu bila kujua uko wapi.

Kwenye hisabati hakuna anayekwambia. Mwaka wa pili nilikaa siku tano na uthibitisho mmoja wa somo la uchambuzi, lile linalochukua kalkulasi ya kidato cha sita na kuanza kuuliza kila neno lake lina maana gani hasa. Siku ya tano nikaumaliza, kurasa mbili, nikalala vizuri. Msahihishaji akaweka duara jekundu kwenye mstari wa tatu. Nilikuwa nimechukulia kuwa kitu fulani kipo, bila kuonyesha kwamba kipo. Kurasa nyingine zote zilikuwa sawa, na hazikuwa na thamani yoyote. Shahada ya hisabati kwa kiasi kikubwa ni kujifunza kuwa msahihishaji wako mwenyewe. Wapo wanaoipenda hiyo hali, na wapo wenye akili nyingi tu wanaoichukia, wanasapu (wanarudia mitihani), wanakeri masomo (wanayabeba mpaka mwaka unaofuata), wanamaliza wakiwa wamechoka.

Mdogo wangu aliposoma aya hizo alicheka, akasema nimependelea. Ni kweli kwamba mashine inakwambia umekosea sarufi. Lakini haikwambii kama umekosea kufikiri. Akanikumbusha mfumo wake wa kwanza wa kulipwa, aliomtengenezea mwenye magari ya watalii hapa mjini. Mfumo ulikuwa unapanga gari lipi linakwenda na wageni gani, na tarehe alizihifadhi kama maandishi badala ya namba. Kwa mashine inayopanga maandishi, "10" inatangulia "9", kama vile kwenye kamusi "ab" inavyotangulia "b". Mfumo haukulalamika hata siku moja. Ulifanya kazi vizuri mwezi mzima, mpaka gari moja likapangiwa makundi mawili ya wageni kwa tarehe zilizogongana na kundi moja likasubiri uwanja wa ndege wa KIA kuanzia asubuhi. Pesa ya awamu ya mwisho hakulipwa, na mimi sikuona sababu ya kumlaumu mteja.

Kwa hiyo turekebishe: kompyuta inakupa majibu ya haraka kuhusu makosa madogo na ukimya kuhusu makubwa. Hisabati ni ukimya mtupu tangu mwanzo, ila inakufundisha kuishi nao.

Unachosoma, kwa ufupi

Kwenye hisabati: kalkulasi kwa mapana yake, matrisi na nafasi za vekta, uchambuzi, aljebra ya makundi, nadharia ya namba, uwezekano na takwimu, mbinu za kukadiria majibu kwa namba. Siku hizi utakuta pia somo moja au mawili ya kuandika programu, na usiyachukulie kama ya kujazia. Mengi ya mada za kidato cha sita, namba changamano, mantiki, uwezekano, utakutana nayo tena, lakini safari hii unaambiwa uthibitishe na si kukokotoa tu. Waliokuwa wanapata A kwa kukariri njia za mitihani iliyopita hushtuka sana hapa.

Kwenye sayansi ya kompyuta: kuandika programu, miundo ya data, algoriti, kanzidata, mifumo endeshi, mitandao, usalama, uhandisi wa programu, na mradi wa mwaka wa mwisho ambao unakula usiku wote wa muhula. Hisabati ipo, ila ni ya aina fulani: mantiki, seti, kuhesabu mipangilio, uwezekano kidogo, matrisi. Anayekimbilia kompyuta ili kuikimbia hisabati anaikuta inamsubiri darasani mwaka wa kwanza.

Wala si ajabu, ukijua zilikotoka. Mwaka 1936 Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alieleza kwenye karatasi mashine inayoweza kufuata maagizo yoyote, kabla kompyuta za umeme hazijaundwa, na alifanya hivyo ili kujibu swali la hisabati tupu. Idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Marekani ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1962. Kabla ya hapo, mengi ya masomo hayo yalikuwa yanalelewa na idara za hisabati na za uhandisi wa umeme. Sisi wenyewe tulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani: Wizara ya Fedha iliwekewa kompyuta mwaka 1965. Halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona hasara kuliko faida. Mhadhiri wangu mmoja mzee alipenda kusema miaka hiyo hisabati haikuhitaji kibali cha forodha.

Laptop na kaunta buku

Hili ni fupi. Hisabati inahitaji kaunta buku, kalamu, vitabu vya maktaba na mwenzako mmoja wa kubishana naye. Kompyuta bila laptop yako mwenyewe ni mateso. Maabara za chuo hujaa, umeme hukatika, na kazi inatakiwa saa sita usiku. Laptop iliyotumika si lazima iwe ya ajabu, lakini iwe na kumbukumbu ya kutosha na betri inayokaa. Kwa familia nyingi hilo ndilo gharama kubwa ya pili baada ya ada, na bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, likitoka lina foleni yake tayari: chakula, chumba, nauli, bando. Kama nyumbani hakuna pa kuitoa laptop mwaka wa kwanza, liongeeni kabla ya kujaza, si baada.

Vyuo, na mtego wa Tengeru

Kila mwaka nakutana na mzazi wa Arusha anayeniambia, "Si aende hapo Nelson Mandela tu, Tengeru, arudi nyumbani jioni?" Taasisi ya Nelson Mandela ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Ni mahali pazuri pa kwenda baadaye, na nitarudi hapo, lakini haikuanzishwa kwa ajili ya kijana anayetoka kidato cha sita.

Kwa anayetaka kusoma mambo ya kompyuta akiwa karibu na nyumbani, Arusha kuna Chuo cha Uhasibu kule Njiro, ambacho licha ya jina lake kina shahada za sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari. Kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichopo tangu 1978, kwa wanaopitia njia ya stashahada. Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu 2014, kina shahada ya TEHAMA ya biashara. Hiyo ya mwisho si sayansi ya kompyuta. Ni kitu kingine, chenye uhasibu na usimamizi ndani yake, na kwa mtu anayetaka kuendesha mifumo ya SACCOS na vyama vya mazao inaweza kumfaa kuliko sayansi ya kompyuta yenyewe.

Hisabati ni ngumu zaidi kuipata huku. Mwenge Catholic University, Moshi, inajulikana kwa kuandaa walimu wa sayansi na hisabati. Kwa anayetaka hisabati yenyewe na uwanja mpana wa masomo ya kuchagua, mimi ningemwelekeza Dar es Salaam au Dodoma. Ni safari ya basi ya siku nzima na chumba cha kupanga, kwa hiyo ni gharama. Sema ukweli nyumbani.

Soma jina la kozi kwa makini. Sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa programu, uhandisi wa kompyuta, mifumo ya habari: kwa mama yake mpwa wangu zote ni "kompyuta". Sayansi ya kompyuta na hisabati kwa kawaida ni miaka 3. Uhandisi mara nyingi ni 4, na mwaka mmoja zaidi ni mwaka mmoja wa ada na wa deni la Bodi ya Mikopo. Upande wa hisabati pia kuna ndugu: hisabati na takwimu, sayansi ya aktuaria (hisabati ya bima na pensheni), hisabati na ualimu. Kuna na ndugu wa kati, sayansi ya data. Chuo cha IIT Madras kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2023 kilianza na kozi ya namna hiyo, ingawa ada yake si ya mchezo.

Kuhusu sifa za kujiunga, kima cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili yenye alama 4.0, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, lakini kila kozi ina masharti yake ndani ya mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa kawaida hisabati itadai Hisabati ya kidato cha sita iwe miongoni mwa masomo uliyofaulu vizuri. Kompyuta mara nyingi ina mlango mpana kidogo. Vyuo vingine humpokea hata aliyesoma hisabati ndogo ya ziada. Mpwa wangu ana milango yote miwili wazi. Mwenye EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) aliyefaulu Hisabati asijione amefungiwa nje, asome masharti.

Ajira

Sasa tufike anapotaka kufika dada yangu, mama wa binti, anayeuza vitambaa Mbuyuni na ambaye ana haki ya kuuliza.

Hakuna tangazo linalosema "anatakiwa mwanahisabati". Nililijua hilo kwa kuumia. Nilipomaliza nilikaa miezi minane nikituma maombi. Ofisi moja niliyoitwa kwenye usaili, mzee mmoja wa jopo aligeuza cheti changu akaniuliza, "Hisabati bila ualimu. Sasa wewe unataka kufundisha nini?" Sikuwa nimeomba kufundisha. Nafasi ilikuwa ya kuchambua mikopo.

Mdogo wangu hakuulizwa swali kama hilo. Matangazo ya serikali ya nafasi za TEHAMA yanataja sayansi ya kompyuta kwa jina, teknolojia ya habari kwa jina, uhandisi wa kompyuta kwa jina. Anayechuja barua anatazama orodha, na jina lako lisipokuwepo hutolewa hata kama unaandika programu kuliko waliobaki. Hili ni jambo la kijinga, lakini ndivyo lilivyo, na kwa familia inayohitaji mshahara haraka ni hoja nzito ya kuchagua kompyuta.

Upande wa pili wa shilingi, mdogo wangu hukutana na umati. Wanaomaliza kozi za kompyuta kila mwaka ni wengi, na wengi wao wanajua yaleyale: kutengeneza tovuti, kurekebisha mtandao wa ofisi, kusimamia kanzidata. Arusha utalii unalisha watu hawa, kila kampuni ya safari inataka tovuti na mfumo wa kupokea oda, lakini msimu ukilala na wao wanalala. Na tangu mwisho wa mwaka 2022 zana za akili mnemba zimeanza kuandika programu zile za mwaka wa kwanza na wa pili kwa sekunde chache. Mdogo wangu anazitumia kila siku. Aliijaribu moja kwa chenji ya konda. Ikamletea algoriti ya ulafi, safi kabisa, yenye kosa lilelile. Alilijua kosa kwa sababu anajua kufikiri juu ya algoriti, si kwa sababu anajua kuandika lugha ya C. Asiyelijua angeipeleka kwa mteja hivyohivyo.

Ndani ya zana hizo zenyewe, ukifungua kifuniko, utakuta matrisi, uwezekano na kanuni ya mnyororo ya kalkulasi, ileile ya kidato cha tano. Hata pesa unayotuma kwenye simu kupitia programu ya benki inalindwa na nadharia ya namba. Mfumo wa RSA wa mwaka 1977, wa kuficha ujumbe kwa siri, umesimama juu ya hisabati ya Euler wa karne ya 18. Sisemi hivyo ili kuipamba hisabati. Nasema kwa sababu mwanahisabati anayejua kuandika programu ana mahali pa kusimama ambapo wengi hawafiki. Asiyejua kuandika programu ana cheti kizuri na miezi minane ya kusubiri kama yangu.

Kazi za hisabati zipo, ila zimejificha chini ya majina mengine. Bima na mifuko ya pensheni inahitaji watu wa aktuaria, na hao wana mitihani yao ya kitaaluma baada ya shahada, mirefu na ya gharama. Benki zinahitaji watu wa kupima hatari ya mikopo. Mimi nipo huko sasa. Hapa kwetu usisahau utafiti: hospitali ya KCMC Moshi kuna tafiti za tiba, Lyamungu kuna kituo cha utafiti wa kahawa, na kila jaribio la dawa au la mche linahitaji mtu wa kusema kama tofauti iliyoonekana ni ya kweli au ni bahati. Kwa kazi hizo, anayesoma hisabati ajaze takwimu kila anaporuhusiwa kuchagua somo.

Na kuna ualimu. Nchi hii haijawahi kuwa na walimu wa hisabati wa kutosha, matokeo ya kidato cha nne yanaonyesha kila mwaka. Lakini hisabati tupu haikupi darasa la serikali; unatakiwa uwe umesoma hisabati na ualimu, au uongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Kama moyoni unajua utafundisha, chagua njia hiyo tangu siku ya kwanza, usizunguke. Anayefundisha tuisheni ya hisabati Moshi au Arusha hali vibaya, hilo nalo naliona kwa macho.

Kuhama kutoka moja kwenda nyingine

Mdogo wangu ananikubalia jambo moja tu kwenye ubishi huu wote, kwamba kuhama kutoka hisabati kwenda kompyuta ni rahisi kuliko kurudi. Kuandika programu unaweza kujifunza ukiwa chumbani kwako na laptop na bando, mashine ndiyo inakusahihisha. Nimejifunza lugha ya Python hivyo, usiku, baada ya kazi. Uchambuzi na aljebra sijaona mtu aliyejifunza peke yake akaenda mbali. Unahitaji mtu wa kukuwekea duara jekundu kwenye mstari wa tatu. Ndiyo maana ukitaka uzamili baadaye, kwa mfano pale Tengeru, au AIMS kule Kigali inayochukua vijana wa Afrika nzima kwa sayansi za hisabati, aliyetoka hisabati huwa na uwanja mpana zaidi wa kuchagua.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi, na ni ushauri wa mtu mmoja. Ukiwa na A au B ya Hisabati, ukiwa unaipenda hata siku ambayo hakuna mtihani, na nyumbani wanaweza kuvumilia mwanzo wa polepole: jaza hisabati, ikiwezekana pamoja na takwimu, na jiapize kuandika programu kila wiki tangu mwaka wa kwanza. Ukiwa na C au D uliyoipata kwa jasho, au unapenda kutengeneza vitu, au wadogo zako wanasubiri ada kutoka kwako: jaza sayansi ya kompyuta, na usiyakimbie masomo ya algoriti na uwezekano, kwa kuwa ndiyo yatakayokutofautisha na umati. Ukiwa katikati, kama wengi walivyo, angalia orodha ya masomo ya kuchagua ya chuo unachokitaka. Kompyuta inayokuruhusu kuchukua hisabati ya ziada, au hisabati yenye masomo manne ya programu, ni bora kuliko jina lolote.

Mpwa wangu alinitumia ujumbe usiku ule: "Mjomba, kwa 500 na 700 kubwa isiyowezekana ni 2,300. Nimejaribu moja moja mpaka 6,000." Nikamjibu kwamba kujaribu mpaka 6,000 hakusemi kitu kuhusu 6,100. Kimya siku mbili. Siku ya tatu ikaja picha ya karatasi ya daftari yenye safu tano. Aligawanya mamia yote kwa tano, akaangalia mabaki. Sarafu za 700 mbili, tatu, nne: 14, 21, 28. Akaona kwamba saba tano za kwanza, 0, 7, 14, 21 na 28, zinagusa mabaki yote matano, na ya mwisho kufikiwa ni safu ya 28. Kuanzia hapo unaongeza tano tano tu. Kwenye safu hiyo, inayotangulia 28 ni 23. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu, "Sasa nimejua kwa nini."

Amejaza hisabati na takwimu ya kwanza, sayansi ya kompyuta ya pili. Mama yake bado anauliza hiyo ya kwanza inaajiriwa wapi. Nimemtumia sehemu ya ajira hapo juu. Amesema ataisoma akifunga duka.